Muulize Sonara: Bruchi ya Bibi na Namba 84

SWALI: Shikamoo Babu Sonara, na kamwene. Mimi ni msomaji wako wa Ifunda, Iringa. Bibi mzaa mama alipofariki alituachia sanduku la bati, na chini kabisa, chini ya vitenge, tukakuta bruchi ya fedha imefungwa kwenye kipande cha kanga. Umbo lake ni la yai, inajaa kwenye vidole viwili. Katikati ina jiwe la rangi ya asali, na pembeni imezungushiwa nyuzi nyembamba za fedha zilizosokotwa. Nyuma kuna pini ndefu inayochomoza nje ya bruchi yenyewe, inashikwa na ndoano iliyo wazi. Kwenye pini kumegongwa kichwa kidogo sana cha mtu na namba 84. Tena kuna herufi mbili zimechorwa kwa mkono, Z na L, ila hiyo L imekatwa na kistari katikati, nadhani mchoraji aliteleza.

Mjomba anasema 84 ni mwaka 1884, na kwamba babu yake aliichukua kwa Mjerumani wakati wa vita vya Mkwawa. Mama mdogo anasema sivyo. Anasema bibi alipewa akiwa binti, na mama wa Kizungu wa kambi ya hapa Ifunda ambaye hata Kiingereza alikuwa hajui, kwa sababu bibi alikuwa akimpelekea maziwa. Sasa kuna mtu wa Makambako ametuambia mali ya Mjerumani inalipa mamilioni, ila tusimwonyeshe mtu mwingine. Mjomba ameshakubali. Ni ya wapi hii, Babu? Nimekutumia picha. – Mjukuu wa Ifunda

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, kamwene. Nianze na huyo mtu wa Makambako, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haraka. Bruchi yenu imekaa miaka mia na zaidi, haitaharibika ikikaa mwezi mwingine. Mnunuzi anayekukataza kuonyesha mali yako kwa mwingine anajua bei yake haitastahimili macho ya pili. Huku kwetu, kuanzia Tukuyu mpaka Iringa, hiyo habari ya mali ya Mjerumani imewafanya watu wazima wachimbe mashimo chini ya miembe na nyuma ya magofu wakitafuta masanduku ya rupia, kwa kufuata ramani walizouziwa. Waliotajirika ni wauza ramani. Mwambie mjomba atulie kwanza.

Sasa kazi. Picha zako zimenisaidia sana. Umeilaza kwenye kitambaa cheupe karibu na dirisha, hukuiwashia taa ya simu ikarudisha mng'ao. Ile ya pini nimeikuza mpaka ikajaa kioo chote.

Hiyo 84 haihusiani na mwaka wowote. Ni kipimo cha usafi wa fedha, na asili yake ni dola ya Urusi ya zama za wafalme. Warusi wa wakati ule walipima fedha kwa zolotniki, na ratili yao moja ilikuwa na zolotniki 96. Chombo kikigongwa 84, maana yake katika kila sehemu 96 za madini yake, sehemu 84 ni fedha safi na 12 ni mchanganyiko, kwa kawaida shaba. Piga hesabu utapata 875 katika elfu. Hicho ndicho kiwango kilichotumika zaidi kwao, kuanzia vijiko mpaka hereni.

Kichwa kilicho pembeni ya namba ni cha mwanamke. Amevaa kilemba kigumu cha wanawake wa Kirusi kinachoitwa kokoshniki, ndiyo maana kwenye picha yako paji la uso linaonekana limeinuka kama lina taji. Chapa hiyo ilianza kugongwa mwaka 1899. Mpaka 1908 mwanamke huyo alitazama kushoto, halafu wakamgeuza akatazama kulia. Wa kwako anatazama kushoto. Nilihakikisha kwanza kwamba picha haijageuzwa, maana simu nyingi zikipiga kwa kamera ya mbele hugeuza kila kitu, na hapo mtu anaweza kupotea miaka kumi bila kujua. Namba 84 inasomeka sawasawa, basi na kichwa kiko sawasawa. Bruchi yenu iligongwa muhuri kati ya 1899 na 1908.

Mjomba anaweza kusema kwamba hata Mjerumani anaweza kununua kitu cha Urusi, na hapo atakuwa amesema kweli. Lakini tarehe zinamkataa. Mwaka 1884 Wajerumani walikuwa hawajakanyaga Uhehe. Carl Peters ndiyo kwanza alikuwa Usagara mwishoni mwa mwaka huo akiwasainisha watu mikataba wasiyoielewa. Vita vya Lugalo vilikuwa Agosti 1891. Kalenga iliangushwa Oktoba 1894. Mkwawa mwenyewe alikufa Julai 1898, na kichwa cha mwanamke kwenye pini yenu hakikuwapo duniani mpaka mwaka uliofuata. Haikuwezekana mtu yeyote aichukue bruchi hii katika vita hivyo, awe babu yenu au babu wa mwingine.

Tena kitu cha Kijerumani kingesema lugha nyingine. Kwa sheria yao iliyoanza kutumika 1888, Wajerumani huandika usafi wa fedha kwa sehemu za elfu. Kwenye vijiko na uma utakuta 800 pamoja na mwezi mchanga na taji la kifalme. Kwenye vito vidogo kama bruchi mara nyingi utakuta namba peke yake, 800 au 835. Nimeona vya namna hiyo vingi, hasa kutoka familia zilizoishi jirani na misheni za zamani za Rungwe na Njombe. Chako hakimo humo.

Tuje kwenye ile L. Mjukuu wangu, mchoraji hakuteleza hata kidogo. Tazama kistari kilivyo: kimechimbwa kwa kina kilekile cha herufi yenyewe, kimepanda kidogo kuelekea kulia, na ncha zake zote mbili zimemalizwa kwa unadhifu. Chombo cha kuchorea kikiteleza huacha mkwaruzo mwembamba unaoishia hewani. Hiyo ni Ł, herufi ya Kipolandi. Mrusi haandiki hivyo, Mjerumani haandiki hivyo, na Mwingereza wa bomani haandiki hivyo.

Hapo ndipo mama mdogo anapopata ushindi wake. Wakati bruchi inagongwa muhuri, Polandi haikuwapo kwenye ramani. Ilikuwa imegawanywa na majirani watatu, Urusi, Ujerumani na Austria, na haikurudi kuwa nchi mpaka 1918. Warszawa ilikuwa chini ya Urusi. Sonara wa Kipolandi wa Warszawa alipeleka kazi yake ikapimwe na kugongwa muhuri wa Urusi, apende asipende. Ingekuwa imetengenezwa baada ya Polandi kupata nchi yake, isingekuwa na 84. Wapolandi nao waligonga kichwa cha mwanamke, ila daraja la fedha wakaliandika kwa tarakimu moja ndogo.

Basi ilifikaje Ifunda? Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwakamata Wapolandi wengi sana wa upande wa mashariki wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Walipofunguliwa baada ya mapatano ya Julai 1941, wengi walishuka kusini, na mwaka 1942 wakavushwa Bahari ya Kaspi mpaka Iran pamoja na jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders. Wanaume wenye nguvu waliendelea na jeshi. Wanawake, watoto na wazee wakatafutiwa makambi, na Tanganyika ikapokea maelfu. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru kule Arusha, yenye watu kama 5,000. Nyingine zilikuwa Kondoa, Morogoro, Kidugala ya Njombe iliyokuwa misheni ya Wajerumani wa Berlin, na hapo kwenu Ifunda. Kwa hiyo mama wa Kizungu wa Ifunda, wa miaka ile, asiyejua Kiingereza, anayenunua maziwa kwa mabinti wa kijijini, hana haja ya kutafutwa mbali. Mama mdogo amewaeleza Wapolandi bila kuwataja jina.

Fikiria pia umri. Bruchi ilikuwa na miaka karibu arobaini ilipofika kambini. Huyo mama aliyempa bibi yenu huenda naye alirithi, na Z.Ł. inaweza kuwa yeye au mama yake. Z ni herufi ya majina ya kike ya kawaida kabisa kwao, kama Zofia. Tena familia ilipoondolewa nyumbani usiku na kupewa muda mfupi wa kufunga mzigo, kitu kidogo cha kuficha kwenye pindo la nguo ndicho kilichosafiri mbali. Vyombo vikubwa vilibaki.

Usiniulize kwa nini alimpa binti wa maziwa kitu alichokibeba kutoka Siberia. Muulize mama mdogo, na umuulize leo, si baada ya mavuno. Bibi alipeleka maziwa mwaka gani, alikuwa amevunja ungo au bado, nyumba ya huyo mama ilikuwa upande gani, alikuwa na watoto? Walizungumza lugha gani, ya ishara au alishajua Kiswahili? Andika anavyosema yeye, usimsahihishe. Chapa za fedha zinatuambia kitu kilitengenezwa wapi na lini, basi. Kilivyobadilisha mikono kinajulikana kwa midomo ya watu tu, na kwenu mdomo uliobaki ni mmoja.

Ukishaandika, nenda na picha, bruchi iache nyumbani, kwenye makumbusho ya Iringa Boma pale mjini. Habari za mkoa ndiyo kazi yao. Na ubalozi wa Polandi upo Dar es Salaam. Waandikie barua fupi, weka picha ya herufi na picha ya muhuri, taja Ifunda. Usitaje bei.

Tukirudi kwenye bruchi yenyewe, nina mambo mawili. La kwanza ni pini. Pini inayovuka ukingo wa bruchi na ndoano iliyo wazi kama herufi C ni utengenezaji wa zamani. Vile vifungo vinavyozunguka na kufunga kabisa vilienea baadaye, katika karne ya 20. Yenu inalingana na muhuri wake, na kwenye picha naona ndoano imelika upande mmoja, hiyo ni alama ya kuvaliwa miaka mingi. Ninaitilia maanani kwa sababu chapa ya 84 inaghushiwa sana siku hizi. Wanaoghushi hugonga muhuri mkali kwenye kitu kipya, kisha wanakipaka weusi. Ulaji wa ndoano hawauwezi. Atakuja fundi akwambie ubadilishe ndoano ili isianguke ukiivaa kanisani. Kataa. Ukitaka kuivaa, pitisha kipini cha usalama kwa ndani ya nguo.

La pili ni jiwe. Kwa macho, na kwa vile viputo bapa vinavyometa ndani yake, ni kaharabu, utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe kwa mamilioni ya miaka, ambao pwani ya Baltiki, ikiwamo ya Polandi, inasifika kwa kuutoa. Atatokea mjuaji akwambie ni sandarusi. Si ujinga, maana sandarusi ya pwani yetu, ile iliyouzwa Ulaya kupitia Unguja kutengenezea vanishi, inafanana na kaharabu kiasi cha kumchanganya mtu. Sonara hutia tone la spiriti mahali pasipoonekana: sandarusi inanata, kaharabu haistuki upesi. Usijaribu mwenyewe, tone likizidi unaharibu mng'aro. Wala usiitumbukize kwenye maji ya chumvi kuangalia kama inaelea. Hicho kipimo ni cha jiwe lililo peke yake, na lako limeshikwa na fedha, litazama tu. Wengine watakushauri kuchoma kwa sindano ya moto unuse moshi. Huyo mfukuze.

Moto ndio adui mkubwa hapo. Fundi akiishika bruchi hii akawasha gesi alehemu uzi mmoja uliokatika, kaharabu itapasuka kabla lehemu haijayeyuka. Jiwe litolewe kwanza, au uzi uachwe ulivyo. Mimi ningeuacha.

Na mamilioni? Kwa uzito wa fedha peke yake bruchi hiyo haifikii bei ya mbuzi. Thamani yake ya juu iko kwenye Ł na kwenye maneno ya mama mdogo, na ikifika Makambako bila hayo mawili inabaki fedha kuukuu tu.

SWALI: Ndaga Sonara. Shangazi yangu wa Kyela ameniachia bruchi iliyotengenezwa kwa sarafu. Mbele kuna Mzungu mwenye masharubu na kofia ya chuma yenye ndege juu, maandishi GUILELMUS II IMPERATOR. Nyuma wamelehemu pini, ila naona simba na mti kama mnazi. Wenzangu wanasema ni feki, eti Mjerumani hawezi kuandika jina lake hivyo. Niitoe pini ili niiuze kama sarafu? – B., Kyela

JIBU: Huyu sasa ndiye Mjerumani mwenyewe. Wenzako wamekwazwa na Kilatini. Guilelmus ni Wilhelm wa Pili, kaizari wa Ujerumani, na ndege juu ya kofia ni tai. Ni rupia ya fedha ya Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Huyo simba aliye na mnazi anakupa tarehe. Rupia za mwanzo zilitolewa na kampuni ya Kijerumani ya akina Carl Peters, na nembo yake ilikuwa simba na mnazi. Zilipigwa kati ya 1890 na 1902. Kuanzia 1904 serikali ya Kijerumani ilitoa zake, nyuma zina shada la majani na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA. Wakati wa rupia za kampuni, rupia moja ilikuwa pesa 64. Serikali ilipozichukua ikawa heller 100. Kwa hiyo shangazi amekuachia ya kampuni. Kama lehemu haijaufunika mwaka, utausoma upande huohuo wa simba, na hapo mwaka ni mwaka kweli. Si kila sarafu ni mwaminifu hivyo: ile riali ya Maria Theresa iliyozagaa pwani yote imeandikwa 1780 hata ikiwa imepigwa miaka mia baadaye.

Ukitaka kuhakikisha, pima. Rupia ilikuwa na gramu 11.66 za fedha ya 917 katika elfu. Pamoja na pini na lehemu yako lazima izidi hapo kidogo. Ikija gramu nane, wenzako wamepata ushindi kwa sababu isiyo yao. Weka na sumaku. Ikidaka mwili wa sarafu, basi ni feki. Ikidaka pini tu, usishtuke, pini nyingi ni za chuma ili ziwe na nguvu.

Pini usiitoe. Mkusanya sarafu anayeona kovu la lehemu hatalipa bei ya sarafu safi hata ukilipiga msasa usiku kucha, na wewe utakuwa umepoteza bruchi. Tena kazi ya kugeuza rupia kuwa pambo ina historia yake hapa kwetu. Watu walidaiwa kodi kwa rupia, wakauza mpunga na ng'ombe ili waipate. Mwanamke aliyeweza kuichukua rupia moja akaipeleka kwa sonara, asiipeleke bomani, alikuwa anawaambia majirani kitu. Shangazi yako, au aliyemtangulia, alikuwa na uwezo. Mimi ningeivaa.

SWALI: Habari za kazi. Nina bruchi ya marehemu mama mkwe, ambaye aliwahi kufanya kazi za ndani kwa meneja wa shamba la chai. Nyuma kuna vialama vinne kwa mstari: herufi mbili, simba anayetembea, nanga, na herufi ndogo ndani ya kingao. Kifungo chake kinazunguka na kufunga kabisa. Mume wangu anasema nanga ina maana ilitoka meli ya kivita. – Mama wa Mufindi

JIBU: Nzuri, mama. Meli haimo. Mpangilio huo ni wa Uingereza. Simba anayetembea anasema fedha ni 925 katika elfu. Nanga ni ya Birmingham, mji ambao hauna bahari wala harufu yake. Ofisi yake ya kupima fedha ilianzishwa 1773 pamoja na ya Sheffield, na inasimuliwa kwamba waliodai ofisi hizo walikuwa wakikutana London kwenye baa iliyoitwa Taji na Nanga. Sheffield wakachukua taji, Birmingham wakabaki na nanga.

Herufi mbili ni za karakana. Ile herufi moja ndani ya kingao ndiyo mwaka, lakini alfabeti ilirudiwa mara kwa mara kwa maandishi na vingao tofauti, kwa hiyo umbo la kingao lina uzito sawa na herufi. Nipigie picha pembe zake zote, hasa za chini, nikutajie mwaka. Kwa sasa naweza kukuambia hivi: vitu vingi vya fedha vya kabla ya 1890 viligongwa na kichwa cha mfalme au malkia kuonyesha ushuru umelipwa. Chako hakina, na kwa mtindo wa kifungo unachokieleza, kinachozunguka na kufunga, nakiweka karne ya 20. Wenye chai wa Mufindi wangekuwa nacho.

SWALI: Sonara, bruchi ya bibi imekuwa nyeusi. Dada anasema dawa ya meno, jirani anasema majivu, mtandaoni wanasema karatasi ya aluminiamu na soda. Nifuate yupi? – Njombe mjini

JIBU: Wa kwanza kumkataa ni dada. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia. Inang'arisha kwa kukwangua, na kila ukirudia nakshi inafifia na muhuri unafutika. Nimeletewa bruchi za watu wanaouliza zimetoka wapi wakati jibu wameshalisugua likaenda na maji ya bomba. Majivu ni yaleyale, tena makali zaidi.

Njia ya aluminiamu inafanya kazi, na sababu yake ni nzuri. Weusi huo ni salfa iliyoshikana na fedha. Inatoka kwenye moshi wa makaa, mayai, sufu, hata mpira. Ukiilaza fedha juu ya karatasi ya aluminiamu kwenye maji ya moto yenye soda ya kuokea, aluminiamu inaipokonya fedha ile salfa, na fedha inabaki mahali pake. Lakini ni kwa fedha tupu pekee. Kama bruchi ina jiwe, lulu, kaharabu au gundi, usiithubutu. Na kama weusi umekaa ndani ya michoro tu, umechorwa kwa makusudi na una kingo safi, huo si uchafu. Ni nakshi nyeusi ambayo nayo ni salfa na fedha, na bakuli lako litaila.

Kama huna uhakika, tumia maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo isiyo na chembe, na brashi laini ya mtoto. Kausha hapohapo, hasa kwenye bawaba, kwa sababu kipini chake cha ndani mara nyingi ni chuma na kitashika kutu. Halafu ifunge kwenye kitambaa cha pamba, uiweke mbali na jiko.